Mgongo wa Hajia Memuna

Kila siku ya soko, kabla jua halijatoka, Nana Frema alikuwa ameshaoga, ameshakunywa uji wake wa mahindi, na ameshaanza kumwita mjukuu wake kwa sauti ambayo mtaa mzima ulishaizoea.

"Dufie. We Dufie. Soko halimngoji binti wa chifu."

Dufie alijikokota kutoka kitandani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na darasani alikuwa hodari. Hilo hakuna aliyelikataa, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni dharau. Aliudharau uji wa bibi yake kwa kuwa hauna maziwa ya kopo. Alikidharau kigoda cha bibi yake kwa kuwa si kiti. Mdomo wake wa chini ulikuwa umezoea kubinuka, hata akilala ulibaki hivyohivyo.

"Nana, wenzetu wana makontena," alisema asubuhi hiyo, akijitwika beseni la kunde. "Sisi mpaka leo tunakaa chini kama waombaji."

"Muombaji anangoja kupewa," Nana alijibu. "Sisi tunapima. Twende."

Siku hizi Asuano ni soko la kutajwa. Malori hutoka Kumasi na Tamale, na mengine huvuka mpaka kutoka Burkina. Kuna mapaa ya bati, kuna choo cha kulipia kisicho na maji, na kuna lango la saruji lililoandikwa jina la mheshimiwa aliyelizindua, ambaye hajawahi kununua hapo hata kitunguu kimoja. Wenye makontena hutembea vifua mbele, utadhani soko lilianguka kutoka mbinguni likawakuta wao wameshaketi. Ukiwauliza lilianzaje, watakuonyesha rangi ya milango yao.

Nana Frema hakuwa na mlango. Alikaa kando ya lango, juu ya kigoda, na mbele yake alitandika turubai lenye kunde na mahindi. Hata hivyo, yeye ndiye aliyekuwa malkia wa nafaka. Ugomvi wowote wa kunde, mahindi au karanga ulimalizwa na yeye, na neno lake lilikuwa la mwisho.

Huko hawauzi nafaka kwa mizani. Wanauza kwa kopo kubwa la bati wanaloliita olonka. Nana alilijaza mpaka juu pakafanya kichuguu, akalimimina kwenye gunia la mnunuzi huku akihesabu kwa sauti, kisha mwisho wa kila gunia akachota konzi nzima ya kunde kwa mkono wake na kuitupia juu. Hiyo ilikuwa nyongeza. Hakuna aliyeiomba na hakuna aliyeilipia.

Dufie aliichukia konzi ile. Nana alikuwa amemwahidi baiskeli ya kwendea shule msimu ukiisha vizuri, na kila konzi iliyoruka, Dufie aliona spoki ya baiskeli yake ikienda Tamale.

"Nana, gunia limeshajaa. Konzi ya nini tena?"

"Ya kumrudisha."

"Atarudi tu. Aende wapi?"

Nana alisonya. "Watu wa Kwabiri nao walisema hivyohivyo."

Dufie aligeuza macho. Hadithi ya soko la Kwabiri aliisikia tangu akiwa mgongoni, na hakuwahi kuisikiliza.

Mnunuzi mkubwa wa Nana alikuwa Hajia Memuna wa Tamale, mama mnene mwenye shela nyeupe na kicheko cha kusikika mpaka kituo cha malori. Hajia alikuwa na tabia moja iliyomshangaza Dufie. Akifika aliketi juu ya kreti la soda, akampa Nana mgongo, akaanza kupiga soga na muuza uji wa upande wa pili. Magunia yalipimwa nyuma yake. Hakugeuka hata mara moja, na hesabu ilipokwisha alilipa na kuondoka.

"Mtu mzima anauziwa mali kisogoni," Dufie alimnong'oneza bibi yake. "Pesa anazo, akili hana."

"Nyamaza," Nana alisema, akaendelea kuhesabu.

Aliyemsikia Dufie na kucheka alikuwa Wofa Kwarteng. Wofa maana yake ni mjomba, lakini hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Jina hilo alijipa mwenyewe alipofungua kontena lake la kijani lililoandikwa "Kwarteng na Wanawe", naye hakuwa na mwana hata mmoja. Alivaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alikuwa na simu mbili, na moja ilikuwa mbovu, ila ndiyo aliyopenda kuzungumza nayo wateja wakiwapo.

Sasa, likizo ndefu ilipofika, goti la Nana lilivimba akawa hawezi hata kupiga hatua. Siku ya soko ilimkuta amelala, kitambaa cha maji moto juu ya mguu.

"Utakwenda peke yako," alimwambia Dufie. "Kopo unalijua, mkono wangu umeuona. Fanya kama nifanyavyo, basi."

Dufie aliondoka kichwa juu. Kumbe alikuwa akingoja siku hiyo. Alitandika turubai, akakisogeza kigoda pembeni kwa mguu, akasimama wima ili aonekane.

Wofa Kwarteng akaja kumsalimu. "Leo malkia ni wewe, siyo?"

"Nana anaumwa goti, Wofa."

"Pole yake. Bibi yako mtu mzuri, ila wakati umemwacha. Anagawa mali kama yuko msibani." Alicheka, kisha akaligeuza kopo lake juu chini mbele ya Dufie. Kitako cha kopo kilikuwa kimebonyezwa kwa ndani. "Mtu akitazama kwa juu anaona nini?"

"Kopo limejaa."

"Basi. Mimi namwonyesha anachotaka kuona. Wewe una akili za shule, mimi nikufundishe nini?" Akaenda zake akipiga mluzi, simu mbovu sikioni.

Dufie alilitazama kopo la bibi yake. Lilikuwa limechakaa, kitako kimenyooka. Aliona haya kwa niaba yake, eti siku zote hizo Nana hakuwahi kufikiria jambo jepesi namna hiyo. Akaazima mchi mdogo wa kukobolea kwa mpika banku, ule ugali wa mahindi yaliyochachushwa, akaenda nyuma ya kontena la kijani, akalilaza kopo na kuligonga kitako. Bati likaingia ndani. Aliporudi na kulijaza kunde, kwa juu lilikuwa na kichuguu kilekile. Akajiona bingwa. Mjinga akipata ujanja wa kwanza hudhani yeye ndiye aliyeuzaa.

Hajia Memuna alifika lori lake likiwa bado linanguruma.

"Bibi yako yuko wapi, mwanangu?"

"Goti linamsumbua, Hajia. Leo nauza mimi."

"Masikini. Mpe hii." Alitoa mkobani donge la mafuta ya shea lililofungwa kwa jani. "Mwambie ajikande asubuhi na jioni. Haya, nipimie kama kawaida."

Akaketi juu ya kreti, akampa Dufie mgongo, akaanza kumuuliza muuza uji habari za mtoto wake aliyekuwa akiota meno.

Dufie akapima. Alihesabu kwa sauti ya kuimba kama Nana, gunia baada ya gunia, na konzi ya mwisho hakuitupia. Mgongo mpana wa Hajia ulikuwa pale mbele yake wakati wote. Mara moja tu moyo ulimchoma kidogo, donge la shea lilipomgusa mguu. Akalisukuma kando, akaendelea kuhesabu.

Hajia alilipa, akambariki, akaenda kituo cha malori. Dufie aliangalia kunde zilizobaki kwenye turubai. Zilikuwa nyingi kuliko siku zote, na baiskeli ilianza kupata magurudumu.

Jua lilipopita utosini, Hajia alirudi kwa miguu. Nyuma yake wapagazi wawili walibeba gunia moja, na mkononi alishika kopo lake mwenyewe. Huko kituoni alikuwa akigawana kunde na wifi yake, nusu kwa nusu, na kila gunia lililofunguliwa lilipungua. Hakupiga kelele, na kicheko chake hakikusikika.

"Mwanangu," alisema, "nipimie tena hili gunia. Safari hii nitaangalia."

Kabla Dufie hajajibu, Wofa Kwarteng alikuwa ameshatoka kontenani, miwani imemkaa usoni sawasawa.

"Kuna nini? Kunde za malkia zimepungua? Jamani, njooni msikie mambo." Mtu huyu, ambaye kopo lake lilikuwa na kitako kama sahani, alipaza sauti ya uchungu kuliko aliyeibiwa. Watu wakajaa. Muuza uji akaacha chungu chake.

Sheria ya soko la Asuano ilijulikana na kila mtu. Mnunuzi akilalamika, kopo mama linaletwa. Hilo ni kopo la kwanza kabisa la soko, na lilikaa nyumbani kwa malkia wa nafaka, limefungwa kwenye kanga. Kopo linalolalamikiwa likijazwa na kumiminwa humo, kopo mama lazima lijae. Lisipojaa, kopo la mwongo hutundikwa langoni kitako kikitazama barabara, na kiti cha mwenye nalo hupinduliwa siku tatu za soko, asiuze kitu. Nana Frema alikuwa amepindua viti vya watu wengi, na hakuna aliyewahi kumwambia ameonea.

Wakamfuata nyumbani. Alikuja akichechemea, mkono mmoja umeshika bega la muuza uji, mwingine umekumbatia kanga. Alipofika aliona ni turubai la nani. Alifungua kanga, akaliweka chini kopo mama.

Kunde zikajazwa kwenye kopo alilopimia Dufie, zikamiminwa. Kopo mama halikujaa. Pengo lilikuwa wazi, hata mtoto angeweza kuingiza kiganja chake.

"Aaah," watu wakasema kwa pamoja, taratibu.

"Mmeona wenyewe," Wofa Kwarteng alisema. Alikuwa ameketi mlangoni pake, miguu ameitandaza. "Sijui ni miaka mingapi tunaibiwa na huyu bibi, na viti vyetu anavipindua yeye. Malkia gani huyu? Soko limekua, linataka mtu wa kisasa. Mtu mwenye hata simu."

"Mwenye simu mbovu," mtu mmoja akasema nyuma, lakini wengine walinung'unika kuunga mkono. Ndivyo watu walivyo. Konzi za Nana walizila kwa miaka, na iliwatosha alasiri moja kuzisahau.

Nana Frema alimtazama Dufie mara moja tu. Kisha akageukia umati.

"Kopo ni langu. Kiti ni changu. Sheria ni ileile."

Akainama. Goti lilikataa, akashika ukuta wa lango, akainama tena huku jasho likimtoka, akakipindua kigoda chake mwenyewe, miguu ikaangalia juu. Hakuna aliyemsaidia, kwa kuwa hakuna aliyejua kama inafaa.

Dufie alikiona kigoda kile alichokisogeza kwa mguu asubuhi. Alijua kwamba akinyamaza, mambo yataishia hapo. Nana hatamtaja. Baiskeli pengine itakuja. Na bibi yake atakufa akiitwa mwizi na watu wasiofaa hata kumfungia kamba za viatu. Akahisi aibu ambayo hakuwahi kuisoma kwenye kitabu chochote.

"Ni mimi," alisema.

"Sema tusikie," muuza uji alimwambia.

"Ni mimi niliyelipiga kopo. Nana hakujua. Nililipiga leo asubuhi kwa mchi, nyuma ya kontena la Wofa. Na konzi ya nyongeza sikuitia." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Wofa alinionyesha la kwake. Nalo limebonyezwa."

"Mtoto mwongo," Kwarteng alisema haraka. "Ameshaiba, sasa anatafuta wa kufa naye."

"Wofa," Nana alisema, "lete kopo lako."

"Limeazimwa."

"Na hilo ulilokalia?"

Watu wakageuka. Kweli, Wofa Kwarteng alikuwa ameketi juu ya kopo lake, amelikumbatia kwa mapaja kama kuku mwenye mayai.

"Hiki ni kiti changu," alisema. "Nimeketi kwa sababu mgongo unaniuma."

"Na mimi goti linaniuma, na nimesimama. Simama, Wofa."

Kicheko kilianzia kwa wapagazi kikaenea soko zima. Kwarteng alisimama polepole, miwani ikamteleza puani. Kopo lake lilipomiminwa kwenye kopo mama, pengo lilikuwa kubwa kuliko lile la Dufie. Wale waliokuwa wakinung'unika kuunga mkono sasa walikumbuka, mmoja mmoja, kunde walizonunua kwake. Alipoingia kontenani kujificha, mmoja wao alimfuata mpaka mlangoni akimuuliza wanawe wako wapi waje kumsaidia.

Makopo mawili yakatundikwa langoni, la Kwarteng na la Nana Frema, na kiti cha Kwarteng nacho kikapinduliwa.

Hajia Memuna akasogea. "Nana, huyu ni mtoto, na amesema mwenyewe. Kiinue kigoda chako, yaishe."

"Kwabiri iliuawa na maneno hayo," Nana alijibu. "Kila siku, 'huyu mtoto', 'huyu mjane', 'huyu jirani'. Chukua kunde zako zilizopungua, na nyongeza zake. Kigoda kitalala."

Hajia alipewa haki yake. Alipanda lori bila kusema atarudi lini, na Dufie aliona kwamba hilo lilimuumiza Nana kuliko goti.

Usiku ule Dufie alingoja fimbo. Haikuja. Alingoja maneno, nayo hayakuja. Alipewa chakula chake kama siku zote, na yeye angependelea fimbo.

Siku ya soko iliyofuata goti lilikuwa limepoa, maana mafuta ya Hajia yalifanya kazi yake bila kinyongo. Nana alijifunga kitambaa kichwani.

"Twende," alisema.

"Sokoni? Si tumefungiwa?"

"Soko jingine."

Walitembea polepole kandokando ya barabara ya lami mpaka wakafika Kwabiri. Dufie alikuwa amepita hapo mara nyingi bila kutazama. Palikuwa na nguzo za saruji zilizosimama bila paa. Palikuwa na meza ndefu za zege, na juu ya mojawapo mbuzi alilala akicheua. Nyasi zilifika magotini. Ilikuwa siku ya soko ya Kwabiri pia, na hapakuwa na mtu.

Nana alimfukuza mbuzi, akaketi.

"Nilipokuwa binti kama wewe, hapa ndipo palipokuwa soko. Malori yalikosa pa kuegesha. Asuano palikuwa njia panda tu, pa malori ya mbao kupozea injini. Kisha hapa mtu mmoja akalipiga kopo lake. Jirani yake akaona, naye akalipiga asipitwe. Wakalipiga wote. Walicheka sana, wakisema wanunuzi ni wajinga, watakwenda wapi."

Dufie aliinamisha kichwa. Maneno hayo aliyajua.

"Mama yangu na wenzake wanne wakachoka kutukanwa pamoja na wezi. Wakaenda kukaa njia panda ya Asuano na kopo lile unalolijua. Madereva wakawacheka. Hawakuwa na paa, hawakuwa na lango, walikuwa na kopo lililonyooka na konzi ya mkono. Dereva mmoja akanunua, akampelekea mkewe. Mkewe akaja na dada zake. Walipokuwapo wanunuzi wa mahindi, akaja muuza vitunguu. Akaja wa nyanya, wakaja wa viazi vikuu. Watu wakawa na njaa, wakaja wapika banku. Magunia yakachanika, akaja mshonaji. Mvua ikatunyeshea misimu mingi kabla hatujachanga bati la kwanza. Serikali ilikuja mwisho kabisa, ikaleta lango."

"Mwalimu alisema soko hukuzwa na barabara," Dufie alisema kwa sauti ndogo.

"Barabara inapita hapa pia. Si hiyo? Itazame."

Dufie aliitazama. Lori la Burkina lilikuja kwa kasi, likapita Kwabiri bila hata kupunguza mwendo, likaelekea Asuano. Mbuzi akarudi mezani.

Siku tatu za soko zilipokwisha, kigoda kiliinuliwa, na kopo likashushwa langoni, likanyooshwa kitako. Wenye nafaka walimwachia Nana umalkia wake, wengine kwa heshima, wengine kwa kuwa waliona haya. Kwarteng alipaka kontena lake rangi nyingine na kubadilisha jina, na wanunuzi wakaendelea kumpita wakiliangalia kopo lake kwanza.

Hajia Memuna alirudi. Dufie alipoiona shela nyeupe alitaka kukimbia na kumkumbatia. Lakini Hajia aliligeuza kreti, akaketi akiwatazama. Macho yake hayakutoka kwenye mikono ya Dufie tangu kopo la kwanza hadi la mwisho, na muuza uji alipomsemesha alijibu bila kugeuza shingo.

"Nana," Dufie alisema lori lilipoondoka, "bado ananiona mwizi."

"Anakuona ulivyomwonyesha. Ulitaka aone nini?"

Msimu mzima ulikwenda hivyo. Vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, lilikuja, likafunika mabati, likaondoka. Kila siku isiyo ya shule Dufie alipima, akahesabu kwa sauti, akatupia konzi, na Hajia akamkodolea macho. Baiskeli haikununuliwa. Dufie alikwenda shule kwa miguu, na mdomo wake wa chini ulikuwa umerudi mahali pake.

Kisha siku moja, kunde mpya zimeanza kuingia, Hajia alifika, akaketi, akamwangalia Dufie akijaza kopo la kwanza. Akapiga mwayo. Akaligeuza kreti taratibu, akampa mgongo, akamuuliza muuza uji kama yule mtoto ameshaanza kutembea.

Kopo lilitaka kumponyoka Dufie. Alilishika kwa mikono miwili, akamimina, akahesabu, na sauti yake ilikatika katikati. Gunia lilipojaa alitupia konzi ya nyongeza. Akachota na ya pili, akainua mkono.

"Moja inatosha," Nana alisema kwa sauti ya chini. "Ya pili ni hongo."

Dufie akairudisha.

Jioni, wakikunja turubai, Nana aliketi juu ya kigoda akajikanda goti.

"Sikiliza, mjukuu wangu, nisikuambie tena. Lango lile lilijengwa kwa msimu mmoja. Mgongo wa Hajia nilijengewa na mama yangu, kwa kuwa hata mama yake Hajia alimgeuzia mama yangu mgongo. Wewe uliubomoa asubuhi moja kwa mchi wa kuazima. Umeona ulivyochukua muda kuusimamisha, na hukuusimamisha kwa akili zako za darasani, umeusimamisha kwa konzi ileile uliyoibeua. Haba na haba hujaza kibaba, hilo mnafundishwa shuleni. Hamfundishwi kwamba hata soko hujazwa hivyo."

"Nimeelewa, Nana. Nami sitaubomoa tena. Najua sasa akigeuka nifanye nini."

Nana alisonya, lakini safari hii alikuwa akitabasamu.

"Bado hujaelewa. Akigeuka, asigeuke, wewe jaza kopo."